Mama Mkwe wa Beseni Jekundu

Vyura wetu hawana ulimi. Hapo sitanii, ingawa utani ndio chakula changu cha mchana. Mfungue kinywa chura wa kituo chetu cha utafiti uone: mle ndani hamna kitu. Chakula anakisukuma kwa mikono yote miwili, kama mtu anayekula pilau ya msibani huku akiogopa sahani itaondolewa. Macho yako juu ya kichwa na hayafumbi, kwa hiyo anakutazama tu, asubuhi mpaka jioni, na hasemi.

Ndiyo maana nilimpa mmoja wao siri yangu. Hapa Malindi, hii yetu ya milima ya Lushoto, wenye ulimi wametosha.

Kituo chenyewe ni ghala la zamani la kahawa, juu ya kijiji, mahali ukungu unapoingia dirishani bila kupiga hodi. Daktari Loveness, msichana mwenye shahada ambazo sijui zinaishia wapi, alikuja na vyura wake kwenye ndoo zenye mifuniko, akaitisha mkutano kutafuta mtu wa kuwatunza. Wanawake waliposikia neno chura, kila mmoja akakumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Nikabaki mimi. Sufuria yangu ni ndogo, ya mtu mmoja, hata ikiungua hakuna wa kulalamika.

Kazi haikuwa ngumu. Nabadilisha maji ya chemchemi kwenye mabeseni, nakata maini vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, na siku ya sindano namshika chura kwa kitambaa kibichi wakati Daktari anamchoma. Ile sindano ni ya homoni, ile ile inayojaa mwilini mwa mama mjamzito. Chura jike akichomwa jioni, kesho yake anataga mayai mamia kwa mamia, meusi upande mmoja na meupe upande mwingine, makubwa kiasi kwamba unayaona bila miwani. Daktari anayarutubisha, anayagawa kwenye visahani, visahani vingine anatia tone la dawa tunayonyunyizia kabichi huku kwetu. Halafu anainamia hadubini yake kutazama yai linavyogawanyika, moja likawa mawili, mawili yakawa manne, mpaka kiluwiluwi.

"Sasa Daktari," nilimuuliza siku za mwanzo, "kwa kiluwiluwi unatafuta nini?"

"Namtafuta mtoto wa mtu, mama. Mtoto akiwa tumboni simwoni, wala siwezi kumtilia dawa nimjaribu. Huyu anaanza kama yeye: yai moja, uti wa mgongo, moyo. Kinachomharibu huyu, nakiogopa na kwa yule."

"Kwa hiyo huyu anateseka kwa niaba."

"Ndiyo, mama. Kwa niaba."

Hakucheka. Nilimpenda kwa hilo.

Daktari ana namba zake za vyura, mimi nina majina. Mkubwa kuliko wote, jike la kijivu lenye shingo nene na jicho la ukaguzi, nilimwita Mama Mkwe. Alikaa beseni jekundu, chini ya dirisha, na alikuwa akikutazama ukifagia mpaka unarudia kufagia.

Jina hilo likaniletea balaa kwa Ismaili, muuza nyama.

"Yunis, mgosi wako yuko Mombo anakula mahindi ya barabarani. Haya maini kila siku unampikia nani?"

"Mama Mkwe."

"Mungu akuzidishie! Wake za watu wangekuwa hivi, nani angeoa wa pili?"

Mama mkwe wangu wa kweli, mzazi wa mume wangu Fanueli, huyo mgosi wa Mombo, akapewa sifa hizo sokoni mbele ya watu. Akaja na fimbo yake mpaka mlangoni kwangu kuuliza maini yake yanapotelea wapi.

Kwetu mwanamke wa umri wangu haitwi jina lake. Ni Mama Aisha, Mama Benjamini, mama wa fulani. Mimi ni Yunis, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Watoto peke yao ndio walionipa cheo. Wakinikuta njiani na ndoo yangu wananiamkia kwa heshima zote:

"Shikamoo Mama Vyura!"

"Marahaba, wanangu. Wadogo zenu hawajambo, wanauliza mtakuja lini kuogelea."

Wanakimbia wakicheka, nami nacheka nao mpaka kwenye kona ya mikaratusi. Ukishapita kona hakuna wa kumchekea.

Fanueli alishuka Mombo kwa msimu mmoja wa kabichi, kupakia malori ya Dar. Kabichi zimevunwa mara nyingi tangu hapo. Akawa mtu wa Krismasi na Pasaka, kama wale waumini ambao Mchungaji huwakaribisha kwa majina. Anakuja na sukari, anakaa siku mbili, anasema nyumba hii ina baridi, anashuka. Pasaka iliyopita mvua iliangusha kilima juu ya barabara ya Soni, akakwama kwangu wiki nzima. Watu kanisani waliomba barabara ifunguke. Mimi nilifumba macho kama wenzangu, ila sikusema amina.

Kisha mwezi ukapita bila kuniamkia. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia nikianzia kidole kingine, jibu likawa lile lile.

Nataka mtu aelewe nilichokuwa nakitaka. Mama wa Fanueli alishasema mbele ya ukoo: mtoto akipatikana, mwanangu atapanda mlima mwenyewe, hatahitaji kuitwa. Nami niliyaamini maneno hayo kuliko alivyoyaamini mwenyewe. Nilitaka mlango wangu ufunguliwe na mtu mwingine. Nilitaka kumgombeza mtu kwa kuacha viatu vyenye tope katikati ya chumba.

Mtu wa kawaida angenunua kipimo. Lakini duka la dawa la Malindi ni la wifi yangu, Secilia. Niliwahi kununua kwake dawa ya kichwa saa nne asubuhi. Saa sita mama mkwe akatuma mtu kuuliza kichwa kina nini. Zahanati, nesi anaimba nami sauti ya pili kwaya. Lushoto mjini, kila kona ina binamu. Ukiwa tasa mahali kama hapa, tumbo lako ni la umma. Kila mtu ana hisa.

Ndipo nikakumbuka hadithi ya Daktari. Siku moja tukisubiri chura atage alinieleza kwamba zamani, kabla vile vijiti vya mistari havijaja, hospitali kubwa duniani zilifuga vyura hawa hawa. Mwanamke analeta mkojo wake, anachomwa chura, kesho wanatazama. Chura ametaga, mama ana mimba. Hajataga, hana.

"Na chura akikosea?"

"Mara chache sana. Ila lazima awe amepumzika, hajachomwa karibuni."

Hilo la mwisho halikunisumbua. Pale ghalani hakuna chura aliyewahi kuchomwa sindano bila mkono wangu kumshika. Nilijua nani kachoka na nani kapumzika kama mama anavyojua nani hajala. Na Mama Mkwe alikuwa amepumzika tangu kabla ya Kwaresima.

Jumanne nilikwenda Mlalo kuzika. Msiba wa mbali kidogo, lakini asiyezika wenzake atazikwa na nani? Nililala huko na wanawake wengine, tukarudi alfajiri na gari la kwanza. Nilipitia nyumbani, nikakinga mkojo wangu kwenye kichupa, kisha nikapanda moja kwa moja kituoni. Daktari hakuwepo. Nikafanya nilivyoona akifanya, kwa sindano mpya, kidogo tu, taratibu, nikimwimbia Mama Mkwe kwa Kishambaa ili asiniparure. Alinitazama kama anavyonitazama siku zote, yaani bila kuridhika.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Ni mjukuu wako tunayemtafuta."

Sikuthubutu kukaa karibu. Nilifagia, nikaosha mabeseni yaliyokuwa safi, nikachambua mbegu za karoti za mtu. Mchana mvua kubwa ilinyesha. Ilipopungua nikasogea beseni jekundu nikiwa nimefumba jicho moja.

Mayai. Chini kote mayai, yameganda kwenye mawe na pembeni, mengine yanaelea, na Mama Mkwe katikati yake kama bibi aliyemwaga mtama.

Nilikaa sakafuni. Nilicheka, halafu sauti ikageuka, nikajifunika kanga mdomoni ingawa ghalani hapakuwa na mtu wa kunisikia. Nikayakusanya mayai kwenye bakuli langu la chai, nikaliweka dirishani. Nilijua hayataangua, hayakupata dume. Nilitaka tu kuyaona.

Simu inashika pale kwenye kona ya mikaratusi. Fanueli aliipokea kwa hofu, maana kwetu simu ya katikati ya wiki ni msiba.

"Yunis? Kuna nini? Mama?"

"Mama mzima. Hakuna wa kuzika."

"Sasa?"

"Kuna wa kupokea."

Nikasikia honi za malori, na mtu anauza vitunguu kwa kelele. Halafu sauti ndogo ikasema, "Baba, njoo." Akaifunika simu kwa kiganja, akarudi.

"Mtoto wa jirani," akasema.

Sikuuliza jirani wa upande gani.

"Una hakika? Nani kakupima?"

"Mtu asiye na maneno mengi."

Akacheka kicheko chake cha zamani, kile cha kabla ya Mombo. "Jumamosi napanda. Unasikia? Jumamosi. Na usibebe ndoo, Yunis. Usibebe ndoo nzito."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisibebe ndoo. Kesho yake nilichota maji nusu ndoo, nikatembea katikati ya njia kama bibi harusi.

Daktari alifika siku hiyo hiyo, amepanda bodaboda, tope mpaka magotini.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba. Barabara ya Lushoto ilikatika jana, nimelala mjini bila kutaka. Vipi, Mama Mkwe alitaga vizuri?"

Nilikuwa nimeshika kisu cha maini. "Nani amekuambia habari za Mama Mkwe?"

"Si nilimchoma Jumanne jioni, ulipokuwa Mlalo. Nilidhani jana mapema nitakuwa hapa, nikukute nikueleze."

"Ulimchoma. Nani alimshika?"

"Nilimshika mwenyewe. Alinirushia maji mpaka kwenye miwani." Akacheka, kisha akaacha. "Mama? Mbona unakaa chini?"

Nikamwambia. Yote, kuanzia kilima cha Soni. Nilijaribu kulichekesha, nikaweka na mbwembwe za kuimba Kishambaa, lakini yeye hakuchekeshwa. Alichuchumaa pale sakafuni mbele yangu, akaniondolea kisu mkononi.

"Mama yangu, alikuwa atataga tu. Hata ungemchoma chai angetaga."

"Kwa hiyo sina."

"Sijasema huna. Nasema Mama Mkwe hajui."

Ijumaa alishuka Lushoto kwa shughuli zake, akaniletea kipimo kwenye mfuko wa mkate, chini ya mkate. Nilipima nyuma ya ghala. Mstari ukatokea mmoja, umesimama peke yake kama nguzo ya umeme isiyofungwa waya. Daktari alinieleza polepole kwamba kwa umri wangu mwezi unaweza kuanza kuruka, kwamba niende hospitali waniangalie vizuri, kwamba atanisindikiza. Nikaelewa. Mwezi ulikuwa unaaga kwa adabu, kama mgeni aliyesimama mlangoni lakini bado anaongea.

"Mpigie baba," Daktari akasema. "Asije akapanda bure."

Kumpigia ningeweza. Lakini kwetu mtu aliye safarini hapewi habari mbaya. Hata kama kafiwa na mzazi, anaambiwa mgonjwa kazidiwa kidogo, njoo. Anasafiri, anafika, anakaa, anakula; ndipo mkubwa mmoja anakohoa. Nikajiambia Fanueli yuko safarini. Alikuwa bado Mombo, hajafunga hata begi, lakini kwangu alikuwa safarini. Acha apande kwanza. Akae kwenye kiti chake, ale, aone kuta nilizopaka chokaa. Nitakohoa mwenyewe.

Daktari akanitazama kwa jicho la Mama Mkwe.

Jumamosi nilikwenda kwa Ismaili mapema.

"Maini ya mama mkwe?"

"Leo ya mgosi."

"Ahaa! Ndiyo maana kanga ina mikunjo ya dukani!" Akanikatia pande zuri, kisha akaongeza kipande cha juu kama zawadi. Nusu nikakaanga na vitunguu na ndizi. Nusu nikaiacha mbichi, kwa ajili ya wale wa kwenye mabeseni. Nikashuka stendi.

Stendi ya Malindi siku ya Jumamosi ni kama baraza. Wapo wauza matunda, wapo wazee wanaosubiri wageni wasiowahusu, na mlango wa duka la Secilia unatazama pale pale. Nikaketi kwenye jiwe. Gari la kwanza kutoka chini likashusha watu, hakuwemo. La pili likashusha mbuzi na bibi yake. La tatu lilipofika konda aliruka kabla halijasimama, kikapu mkononi, akapiga ukelele:

"Mama Kijacho! Mama Kijacho wa Fanueli yuko wapi? Mzigo wako huu kutoka Mombo!"

Stendi nzima ikageuka. Secilia akatoka dukani na kopo mkononi.

"Nani? Wa Fanueli yupi? Wifi! Yunis! Na mimi hukuniambia?" Akashika kiuno, akavuta pumzi, akaachia kigelegele kilichowaamsha kuku. Mama Aisha akakidaka. Muuza matunda akakipeleka mbele.

Nilisimama katikati ya vigelegele hivyo, vyote vyangu. Nasema ukweli, vilikuwa vitamu. Kwa muda kidogo niliviacha vinipate, kama mtu aliyetoka baridini na kukuta moto wa wenyewe.

"Fanueli mwenyewe yuko wapi?" nikamuuliza konda.

"Kasema mzigo wa kabichi umebana, mama. Kasema ule vizuri. Na kasema hivi vyote ni vya kwako, nisimpe mtu."

Nikachungulia kikapuni. Maembe mabichi, magumu kama mawe. Ukwaju. Na kwenye karatasi, vipande vya udongo wa kutafuna, ule wajawazito wanaoupenda, umepangwa vizuri. Alikuwa amechagua kwa mkono wake. Alikuwa amekumbuka kila kitu, ila kupanda gari.

Nikanyanyua uso. Secilia alikuwa bado amefungua mikono.

"Wifi," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wale wazee, "shusha mikono, utaumwa mabega. Hapa hakuna Mama Kijacho. Hapa yupo Mama Vyura. Konda, lete mzigo."

Wengine walicheka wakidhani ni utani wangu wa siku zote. Secilia hakucheka. Alinitazama tumboni, kisha usoni. Akaja akanishika kikapu upande mmoja, tukatembea nacho mpaka mwisho wa stendi. Pale nikamwambia, "Inatosha, wifi, rudi dukani." Akarudi.

Kwenye kona ya mikaratusi nikapiga simu.

"Vimefika?" Fanueli akauliza. "Udongo nimeuonja, mzuri."

"Vimefika. Ungefika na wewe."

"Kazi, Yunis. Unajua kazi. Krismasi nitakaa zaidi, nakwambia, na huyo mtoto—"

"Fanueli. Mtoto hayupo. Kipimo kilikosea."

Malori yakapiga honi. Nilisubiri aseme neno lolote: anikaripie, anipe pole, aulize nimekaa au nimesimama. Ile sauti ndogo ikamwita tena, na safari hii hakuifunika simu.

"Haya," akasema. "Basi. Maembe kula tu."

Ghalani jioni ile Daktari alikuwa ameshuka. Mayai kwenye bakuli la chai yalikuwa yamevimba, yamegeuka meupe yote, hayana tena upande mweusi. Nikayafukia nyuma ya ukuta, maana mtoni haturuhusiwi kumwaga kitu cha vyura hawa. Bakuli nikaliosha mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Kisha nikampa Mama Mkwe maini ya Fanueli, yale mabichi. Aliyashika kwa mikono miwili, akayasukuma kinywani huku akinikagua.

"Usinitazame," nikamwambia. "Hata wewe ulidanganya."

Nikafungua karatasi, nikavunja kipande cha udongo, nikakitia mdomoni. Unanukia kama mvua ya kwanza kwenye njia. Sikujua kwamba ni mtamu hivyo. Siku zote nilidhani wanawake wale wanajidai. Nikavunja kingine.

Maji ya beseni jekundu yalikuwa yamechafuka. Nikachukua ndoo, nikashuka chemchemini, nikaijaza mpaka ikamwagika, nikaipandisha kichwani nzima, bila mtu wa kunitwisha.